Ngozi Inang'aa, Kumbe Ina Kiu: Uchambuzi wa Kisa cha Bibi Harusi Ambaye Mekapu Ilikataa Kumkaa

Bibi harusi huyu alikuja kwa jaribio la mekapu akiwa na jibu lake tayari: faundesheni yake ni mbovu. Alikuwa ameshapambwa na wapambaji wengine kwenye shughuli za nyuma, na kila mara uso ulianza kuharibika kabla shughuli haijafika katikati. Paji la uso lilitoa mng'ao, pembeni mwa pua mekapu ikakatika vipande, chini ya macho ikajichora mistari, na kidevuni yakabaki mabaka yaliyoonekana hata kwenye picha zilizopigwa kwa mbali. Alitaka nimtafutie faundesheni "isiyotoka hata kwa maji".

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu malalamiko yake nayasikia mara kwa mara, na wengi wanaoyaleta wameshanunua faundesheni ya tatu au ya nne kabla hawajaulizwa hata siku moja wananawa uso kwa kitu gani. Mimi huanzia hapo.

Mkoba wake

Nilikuwa nimemwomba aje na uso mtupu na abebe kila anachopaka, hata kile anachokitumia mara mojamoja. Mkobani mlikuwa na sabuni ya kipande ya kuondoa chunusi, tona (maji ya kufutia uso baada ya kunawa) ambayo kwenye orodha ya viambato alkoholi ilikuja mara tu baada ya maji, skrabu ya maganda ya kokwa yaliyosagwa, jeli nyepesi ya usoni, praima ya kukata mafuta inayopakwa kabla ya faundesheni, faundesheni yenyewe na poda. Krimu haikuwamo hata moja, wala kinga ya jua.

Nilipomuuliza krimu iko wapi alinishangaa. "Dada, mimi nipake mafuta tena? Si haya yaliyopo yanatosha!"

Alinawa kwa sabuni ile asubuhi, mchana na usiku, na kila akinawa alipitisha tona kwa pamba mpaka pamba itoke nyeupe. Skrabu ilikuwa ya siku moja ndani siku moja nje. Usiku wa kuamkia shughuli alisugua kwa nguvu zaidi, kwa nia njema kabisa, akiamini mekapu inapenda ngozi iliyosuguliwa.

Nilimuuliza pia swali ambalo simwachi mteja bila kumuuliza, tena tukiwa wawili tu: kuna krimu ya kung'arisha ngozi uliyowahi kutumia? Nauliza bila kuhukumu, kwa sababu jibu linabadilisha kila kitu. Krimu zenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) hufanya ngozi iwe nyembamba, mishipa midogo ikaonekana, na mtu akiziacha ghafla uso unaweza kuwaka wekundu na kutoa vipele. Zebaki nayo ni sumu inayodhuru figo, na imewahi kukutwa kwenye baadhi ya krimu hizi. Ndiyo maana vipodozi vyenye zebaki vimeingizwa kwenye Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017. Mteja wa namna hiyo namwelekeza kwa daktari wa ngozi kwanza, mekapu baadaye. Huyu hakuwa mmoja wao.

Nilichokiona kwenye mwanga wa dirisha

Mwanga wa taa unaotoka mbele huficha mengi. Nilimkalisha dirisha likiwa ubavuni mwake ili mwanga upite juu ya ngozi kwa mshazari, na hapo uso wake ukasomeka. Paji lilikuwa linang'aa kweli. Lakini nilipoibana ngozi ile ile kidogo kwa vidole viwili, vikatokea vimistari vyembamba vingi, vya juujuu, vikapotea nilipoachia. Kwenye kona ya pua, pale inapokutana na shavu, kulikuwa na vigamba vidogo vilivyoshika upande mmoja na kuinuka upande wa pili. Kidevu kilikuwa kikavu na chenye ukakasi ukikipitishia mgongo wa kidole.

Nikakandamiza karatasi ya kunyonya mafuta sehemu mojamoja. Paji na pua viliiacha karatasi ikiwa imelowa. Mashavu na kidevu viliirudisha karibu kama ilivyokuja. Mwisho nikapaka krimu isiyo na manukato kwenye kidevu, akasema inachoma. Krimu ya kawaida ikimchoma mtu, ngozi hiyo imejeruhiwa, hata kama kwa macho haionyeshi kidonda.

Kwa hiyo alikuwa na ngozi ya mchanganyiko, ya mafuta katikati na ya kawaida pembeni, na yote ilikuwa imepungukiwa na maji. Mafuta na maji ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na ya kwanza tele na akakosa ya pili, na huyo ndiye anayetusumbua zaidi wapambaji, kwa kuwa mng'ao wake unatudanganya tuzidi kumkausha.

Kwa nini kunawa sana kulimharibia

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba mno, milimita 0.01 hadi 0.02 hivi katika sehemu nyingi za mwili. Limejengwa kwa seli zilizokufa zilizobanana, na katikati yao mna mafuta maalumu: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasipotelee hewani. Mafuta yanayong'aa puani ni mengine kabisa. Yanatoka kwenye tezi na kumwagika juu.

Sabuni haibagui. Huondoa yote mawili. Ila tezi za mafuta huongozwa zaidi na homoni, hazijali umenawa mara moja au mara nne, kwa hiyo mng'ao unarudi baada ya saa chache. Yale yanayozuia maji hujengwa upya polepole, kwa siku kadhaa. Bibi harusi wetu akiona mng'ao umerudi, ananawa tena. Kila mzunguko ulimrudishia mafuta asiyoyataka na kumnyima muda wa kujenga yale anayoyahitaji. Kuna na suala la uchachu: uso wenye afya una pH (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa) ya kati ya 4.5 na 5.5 hivi, ilhali sabuni ya kipande ya kawaida iko kwenye 9 au 10, na ngozi iliyotolewa kwenye uchachu wake haijitengenezi vizuri.

Vile vigamba navyo vina sababu yake, na hapa ndipo skrabu inapoonekana ilivyokuwa adui. Seli za juu hubanduka kila siku bila sisi kuziona, kwa kazi ya vimeng'enya vinavyokata viungo vinavyozishikanisha. Vimeng'enya hivyo vinahitaji maji ili vifanye kazi. Tabaka likikauka, kazi inakwama, seli zinatoka kwa mafungu badala ya mojamoja, na ndiyo magamba tunayoyaona. Ukisugua, unaondoa magamba ya leo na kuikausha ngozi ili itoe mengine kesho kutwa.

Ukishajua hayo, ramani ya mekapu iliyoharibika inajieleza. Kidevuni, faundesheni ilinyang'anywa unyevu wake na ngozi kavu, rangi ikabaki imeganda kwenye kingo za magamba. Puani na kwenye paji, mafuta yaliinyanyua kutoka chini. Chini ya macho, ambako ngozi ni nyembamba kuliko sehemu nyingine za uso na tezi za mafuta ni chache, ukavu ulitengeneza vimistari na konsila, ile krimu nzito ya kuficha madoa, ikavijaza.

Nusu kwa nusu

Sikutaka aniamini kwa maneno. Nilimwomba nimpambe uso nusu kwa nusu, kulia kwa utaratibu wake, kushoto kwa wangu, faundesheni ikiwa ile ile yake aliyoilaumu.

Upande wa kulia: sabuni, tona, jeli, praima, zikifuatana bila kusubiriana kama alivyozoea. Nilipoanza kusambaza faundesheni kwenye taya, ikaanza kujiviringisha chini ya sponji, vinyuzi vidogo vya rangi ya ngozi kama mabaki ya ufutio kwenye karatasi. Alikiangalia kioo akasema hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote, na aliambiwa ni ngozi yake "inatema". Ngozi haikutema chochote. Jeli ilikuwa ya maji yenye viambato vya kuifanya inate, haijakauka, na juu yake ikawekwa praima nzito ya silikoni. Praima haikupata pa kushika, ikateleza na kukusanya kila kilicho chini yake. Mtu yeyote anaweza kulipima hili nyumbani: changanya tone la kila kimoja mgongoni mwa mkono, sugua taratibu. Vikijitenga au kujiviringisha hapo, na usoni vitafanya hivyo hivyo. Orodha ya viambato nayo husaidia, kwa sababu vilivyo vingi hutangulia. Majina yanayoishia na "-cone" au "-siloxane" yakiwa mwanzoni, hiyo ni bidhaa ya silikoni.

Upande wa kushoto niliunawisha kwa kisafishio laini kisicho na povu jingi, nikaacha ngozi ikiwa na unyevu, nikapaka seramu ya gliserini, kisha krimu nyepesi. Nikasubiri. Kisha faundesheni kidogo, bila praima.

Alikaa saa kadhaa akifanya shughuli zake na kurudi. Kulia kulikuwa kama picha alizonionyesha. Kushoto shavu lilikuwa zuri, paji lilikuwa na mng'ao wa wastani, lakini kidevu bado kilikuwa na mabaka. Nilimweleza wazi kwamba kidevu hakitapona kwa kupakwa kitu asubuhi ya harusi. Kilihitaji wiki kadhaa, na kwa bahati zilikuwepo.

Alichoacha, na kidogo alichoongeza

Aliacha tona. Aliacha skrabu yote. Sabuni ya kipande ikabadilishwa na kisafishio laini, usiku tu. Asubuhi maji ya uvuguvugu yakatosha. Hilo la asubuhi ndilo tuliloligombania zaidi, kwani aliona kama anatoka nyumbani mchafu.

Alichoongeza: krimu yenye seramidi na gliserini asubuhi na usiku, ikipakwa ngozi ikiwa bado mbichi. Gliserini na asidi ya haialuroniki hushika maji, lakini mahali penye hewa kavu zikiachwa peke yake maji hayo yanapotea upesi, na ngozi inaweza kubaki inavuta. Lazima kiwepo kitu juu cha kuyafungia. Kwenye kona za pua na kidevu alipaka mafuta ya mgando kidogo sana wakati wa kulala. Mchana, kinga ya jua. Alikuwa na madoa ya chunusi za zamani, na kwenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde madoa ya namna hiyo hukaa miezi, jua likizidi kuyakoleza. Hakuna konsila inayofanya kazi nzuri juu ya doa linalokolezwa kila siku. Kiasi kinachotakiwa ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Vipimo vya kinga ya jua hufanywa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, ambayo kwa uso na shingo ni kama mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili. Faundesheni iliyoandikwa SPF, yaani kiwango cha kinga ya jua, haifikii hapo, maana hakuna anayejipaka faundesheni nyingi kiasi hicho.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Aliniandikia kwamba uso umekuwa mzito, unateleza, na kipele kimoja kimetokea shavuni. Nilimwomba avumilie na asiongeze kitu. Kufikia wiki ya pili krimu iliacha kuchoma, na hiyo kwangu ilikuwa dalili kubwa kuliko mwonekano wowote. Hapo ndipo tulipoingiza asidi ya salisiliki ya asilimia 2, usiku, mara mbili kwa wiki, kwenye pua na paji pekee. Ina sifa ya kuyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo huingia kwenye vitundu vya ngozi na kuvisafisha bila kukwaruza juu.

Wiki ya harusi rafiki zake walimlipia huduma ya usoni yenye kuchubua kwa asidi. Zawadi ya upendo, na kwa ngozi yake ingekuwa balaa. Nilimsihi aiahirishe mpaka baada ya harusi. Ngozi iliyochubuliwa hubanduka siku zinazofuata, hasa siku ya tatu na ya nne, na hakuna faundesheni inayokaa juu ya ngozi inayobanduka. Nywele za juu ya mdomo alizitoa kwa nta siku kadhaa kabla, kwa kuwa nta hung'oa na sehemu ya tabaka la juu. Angekuwa anatumia retinoli (aina ya vitamini A ya kupaka inayoharakisha ngozi kubanduka) ningemwachisha mapema kabla ya nta, au ningemwambia atumie njia nyingine. Nimeshaona nta ikitoka na ngozi.

Vitu vyangu vyote nilivyokusudia kumpaka nilivijaribu mapema nyuma ya sikio na ndani ya mkono wake. Wengi hujaribu asubuhi ile ile, wakaona kimya, wakaendelea. Mzio wa ngozi unaotokana na vipodozi kwa kawaida hujitokeza saa 48 hadi 72 baada ya kugusana na kitu. Kimya cha asubuhi hakisemi lolote.

Asubuhi yenyewe

Nilifika mapema kwa sababu ya kusubiri, maana maandalizi ya ngozi kwa sehemu kubwa ni kusubiri. Maji ya uvuguvugu, taulo ya kukandamiza bila kusugua. Seramu kwenye ngozi yenye unyevu. Krimu nikaigawa kwa maeneo: ya kutosha mashavuni na kidevuni, kidogo chini ya macho kwa kugongagonga na kidole cha pete, na kwenye paji na pua ile tu iliyobaki vidoleni. Midomo ikapata mafuta ya mgando hapo hapo, ili ifikapo zamu yake iwe imelainika.

Kisha nikashughulikia kucha zake na kuzungumza na mama yake kwa dakika kama kumi. Kinga ya jua ikafuata, na muda mwingine kama huo. Nilichagua isiyo na zinki oksidi wala titani dioksidi nyingi, kwa sababu madini hayo meupe hurudisha mwanga wa kamera, na bibi harusi anajikuta kwenye picha za flashi ana uso wa majivu na shingo ya rangi yake.

Kabla ya faundesheni nilifanya jambo ambalo naliona lina thamani kuliko praima ya bei yoyote: nikakandamiza tishu safi usoni mzima, mara moja, bila kuburuta. Inachukua kile ambacho ngozi haikukinywa. Ukikiacha, faundesheni itaelea juu yake. Praima niliipaka pembeni mwa pua na katikati ya paji tu, kiasi cha punje ya mahindi, kwa kuikandamiza ndani ya vitundu.

Faundesheni ilikuwa ile ile yake. Tabaka jembamba, sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, kwa kugonga. Kwenye madoa nikaongeza konsila sehemu zilipo, badala ya kuongeza faundesheni uso mzima. Poda ilikaa kwenye paji, pua na chini ya macho, mashavu sikuyagusa.

Kidevu kilipokea rangi bila kubaguka. Nilikipitisha kwenye mwanga wa dirisha kama siku ile ya jaribio, na hapakuwa na gamba.

Baadaye

Mekapu ilidumu mpaka shughuli ilipokwisha, ikiwa na marekebisho. Paji liling'aa jioni, kama inavyopaswa kuwa kwa mtu mwenye tezi zinazofanya kazi, na msimamizi wake alikandamiza karatasi ya mafuta bila kuongeza poda, kama nilivyomwelekeza. Poda juu ya mafuta hugeuka tope. Upande mmoja wa pua ulifunguka kidogo baada ya machozi na leso. Hapo alirudishia kwa sponji na tone moja la konsila. Kwenye picha, vimistari vya chini ya macho vilionekana alipocheka tu. Madoa ya zamani yalikuwepo bado, yamefunikwa lakini hayajafutika, maana wiki chache hazitoshi kwa madoa.

Usiku alitoa mekapu kwa kisafishio cha mafuta kilichopakwa kwenye ngozi kavu kwanza, kisha maji, kisha kisafishio chake laini. Vitambaa vyenye dawa vya kufutia mekapu nilimkataza, kwa sababu kutoa faundesheni, poda na konsila kwa kitambaa kunadai msuguano, na msuguano ndio tuliokuwa tumeukimbia.

Wiki iliyofuata alinipigia kuuliza kama sasa anaweza kurudia tona yake, chupa ilikuwa bado imejaa nusu. Nilimwambia aitumie kusafishia kioo.